Siku Pwo Alipokohoa

Kiangazi cha 1982 nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alitupakia kwenye treni kutoka Kolwezi hadi upande wa Dilolo, kusini mwa Zaire (leo Kongo), kijijini kwao, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa anatoka mukanda, jando la Wachokwe. Miezi yote aliyokaa porini, mama hakuwa amemtia machoni.

Ngoma zilipokolea, Pwo akatokea: mukishi wa kike, yaani roho ya mhenga inayokuja kwa kinyago. Uso wa mti uliong'aa kwa udongo mwekundu na mafuta, macho yamefumba nusu, meno yamechongoka. Kwenye paji la uso, alama ya msalaba wanayoiita cingelyengelye. Chini ya macho, mistari ya masoji, yaani machozi. Bibi yangu alikuwa na chale zile zile mashavuni. Nywele zilikuwa nyuzi zilizosukwa, na kuanzia shingoni hadi miguuni alivaa vazi lililofumwa kama wavu, na matiti ya mti kifuani. Alikuja kwa hatua fupi fupi, kiuno kikizunguka taratibu, na wanawake wakapasua vigelegele: amefika bibi wa zamani, mzaa ukoo.

Kinyago hicho hakinunuliwi kama kigoda. Kwa desturi, mchezaji humpa mchongaji pete ya shaba, kama anayetoa mahari, na akifa huzikwa nacho.

Pwo akapita mbele yangu, akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu. Nilikijua.

"Bibi, huyu si mjo—"

Kiganja chake kilinifunika mdomo. Hakunikemea. Aliniinamia sikioni: "Mjukuu wangu, mukishi hakohoi. Umesikia upepo."

Niliwatazama mama, mama wadogo, mke wa mjomba aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote. Walijua! Nimesikia mara nyingi watu wakisema wanawake hudanganywa na vinyago, na hunikera kila mara. Siri ile ilikuwa yetu pia. Wanaume waliivaa, sisi tuliitunza.

Usiku mjomba alikuja kula kwetu, sauti imemkauka. Bibi alimpa maji, akamsimulia jinsi Pwo alivyocheza, hatua kwa hatua, kama mtu anayemhadithia mgeni. Mjomba alisikiliza kimya hadi mwisho. Kisha akamwomba arudie pale Pwo alipogeuka.