Kutoka mchoro wa Dior hadi suti: nilivyoipata nyonga ya 1947

Mchoro wa mbunifu hauna vipimo. Huu wa suti ya Bar, ambayo Christian Dior aliionyesha Paris tarehe 12 Februari 1947, ni mistari michache: mabega ya mviringo, kiuno cha nyigu, koti lililotanuka nyongani, sketi ndefu ya marinda. Koti lenyewe lilikuwa la hariri rangi ya malai, sketi ya sufu nyeusi.

Nilianza kwa kuhesabu vichwa, yaani urefu wa kichwa unaingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Wanawake wa michoro ya mitindo huchorwa na urefu wa vichwa 9 hivi. Mtu halisi hafiki 8, na ziada karibu yote iko miguuni. Kwa hiyo urefu wa sketi sikuupima mchoroni. Nilitazama pindo linaangukia wapi kwenye muundi, nikapata sm 32 kutoka sakafuni.

Koti la majaribio nilikata kwa marikani. Nikabana kiuno mno, na mishono ya ubavuni ikavuta mikunjo ya kukingama. Kumbe kiuno hiki hakitokani na kubana peke yake, nyonga ndiyo inayotunishwa. Nikaachia sm 3 kiunoni, nikashonea pamba kwenye bitana, kila upande tabaka 3: upana sm 18, 14, kisha 10. Kingo za pamba zichanwe kwa vidole. Ukizikata kwa mkasi, pasi ya kwanza tu itazichora juu ya kitambaa. Tena pamba ianze hapo hapo kwenye mstari wa kiuno. Yangu ilianza sm 2 chini, pakatokea bonde na koti likalegea hapo.

Sketi ni hesabu. Nyonga sm 92, nafasi ya kulegea 4, jumla 96. Marinda 24, kila moja sm 4 usoni na 8 ndani, yanakula sm 288. Vipande viwili vya upana wa sm 150 vinatosha: maungio mawili yanachukua 6, zinabaki 6 za kurekebishia. Kiuno ni 66, hivyo kila rinda lizidi kukunjwa sm 1.25 juu, kunjo hilo la ziada likipungua taratibu hadi nyongani. Ukilipunguza ghafla, marinda yanafumuka kama mwavuli.

Piga bandi (mshono wa muda) kila rinda juu hadi chini, pasi kwa kitambaa chenye unyevu, na usifumue bandi kabla sufu haijapoa kabisa.