Tulivyowachukua Bibo na Mkeka kutoka Mikindani

Kupata paka Mtwara si kazi. Nenda Feri wakati boti zinaingia, utawakuta chini ya meza za wapara samaki wakigombea matumbo. Kwa hiyo nilipochoka na panya waliokuwa wakitoboa magunia ya korosho stoo, nilidhani nitaokota kimoja jioni nirudi nacho nyumbani. Dada mmoja ninayefanya naye kazi akanizuia. Alisema kuna watu hapa mjini wanaokoa paka wadogo, akanipa namba ya simu.

Watu wenyewe ni wachache, hawana banda wala ofisi. Paka akiokotwa, labda kafungiwa kwenye mfuko na kutupwa jalalani, au mama yake kagongwa na bodaboda, anapelekwa nyumbani kwa mmoja wao. Huyo ndiye mlezi wa muda. Paka anaishi humo na familia, anatibiwa, anakua, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Nyumba zao zikijaa, wanasimama kupokea, na hapo ndipo lawama za watu zinapoanza. Niliuliza kwa nini wasijenge banda kubwa likaisha neno. Nikaambiwa paka wachanga wakirundikwa pamoja, ugonjwa ukiingia unawafagia wote, hasa ule wa kutapika na kuhara ambao kirusi chake hukaa kwenye sakafu na vyombo kwa miezi mingi. Nyumba tofauti, hatari inagawanyika. Isitoshe, paka hujifunza kumzoea binadamu akiwa na umri wa kati ya wiki mbili na saba hivi. Akizipitisha wiki hizo ndani ya banda bila kusikia redio, sufuria ikianguka wala mtoto akilia, baadaye kumzoesha ni shughuli.

Kabla ya kuonyeshwa paka yeyote nilihojiwa kama kijana aliyepeleka posa. Nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba anajua? Madirisha yana wavu? Kisima kina mfuniko? Watoto wana umri gani? Mkisafiri kwenda kuzika, nani atabaki na paka? Halafu likaja ambalo sikulitegemea: "Dada, mna shamba la korosho? Salfa mnaiweka wapi?"

Shamba tunalo, upande wa Tandahimba. Na mifuko ya salfa, ile ya unga tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ilikuwa stoo ile ile yenye panya. Yule dada kwenye simu akanieleza taratibu: paka hujilamba mwili mzima, kila kinachoshika kwenye manyoya kinaishia tumboni. Dawa za maji za kuua wadudu ndiyo balaa zaidi. Baba watoto alinuna siku hiyo, akasema paka hajafika tayari anatupangia nyumba, lakini mifuko na madumu aliyahamisha, akayafungia kwenye chumba cha nje.

Najua wapo wanaoona maswali haya ni dharau, na mimi uso niliukunja. Ila nilipokuja kuwafahamu wale watu nilitambua hakuna swali walilolitunga kichwani. Kila moja limetokana na paka waliyewahi kumtoa na akaharibikiwa.

Mlezi niliyepelekwa kwake anakaa Mikindani, mwalimu mstaafu. Nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, vua viatu halafu nawa mikono kwanza." Sabuni na ndoo ya maji vilikuwa mlangoni. Ndani kulikuwa na paka wadogo wanne, ndugu wa tumbo moja, umri unakaribia miezi mitatu.

Mimi macho yalikwenda kwa yule wa rangi ya chungwa iliyoiva. Watoto walishamwita Bibo kabla sijakaa. Mwalimu akanyanyua daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akafungua ukurasa wa Bibo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kila asubuhi alikuwa anampima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la plastiki, na kuandika gramu. Paka mdogo anatakiwa aongeze kama gramu mia kwa wiki, akisimama siku mbili tatu kuna jambo. Pembeni kulikuwa na tarehe za dawa ya minyoo, ambayo huanza akiwa na wiki mbili au tatu na kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Halafu maneno mafupi ya mwalimu: "anaharisha, nimeacha maini", "haogopi mvua", "anamnyang'anya mwenzake, nimewatenga sahani".

"Huyu ni dume," aliniambia. "Hawa wa rangi hii karibu wanne kwa kila watano ni madume. Ni mchangamfu, hana haya, lakini ukimpeleka peke yake atawatafuna vidole wanao. Anahitaji mwenzake wa kupigana naye."

Mwenzake alikuwa jike la mistari ya kijivu na nyeusi, amejificha nyuma ya mtungi. Nisingemchagua hata kidogo. Hakuja, hakulia, alitutazama tu. Mwalimu akasema huyo akikuzoea hatokuacha, na kwamba Bibo akiwa naye hulala usingizi, akiwa na wale wengine halali. Taarifa ya namna hii ungeipata wapi Feri? Nilikwenda kutafuta paka mmoja, nikaondoka na wawili, na hilo mpaka leo nalihesabu kuwa ndilo la maana kuliko yote aliyoniambia. Jike tukamwita Mkeka kwa ile mistari yake.

Tulisaini karatasi. Ilikuwa na mambo matatu ya msingi: nitawafunga uzazi, sitampa mtu mwingine bila kuwaambia, na nikishindwa kwa sababu yoyote nawarudisha kwao, si barabarani. Nilichangia fedha ya chanjo ya kwanza, ile ya pamoja inayokinga ugonjwa wa kuhara na mafua ya paka. Chanjo hiyo huagizwa Dar es Salaam na kusafiri kwenye barafu, kwa hiyo wakiipata huchanja wengi kwa siku moja. Ya kichaa cha mbwa tulimaliza wenyewe kwa daktari wa mifugo walipotimiza miezi mitatu. Mwalimu akakata kipande cha khanga walicholalia ndugu wote, akakiweka kwenye tenga, na tukapanda bajaji.

Mkeka aliingia chini ya kabati na hakutoka. Tulikuwa tumeagizwa tuwaweke chumba kimoja tu mwanzoni, chenye maji, chakula upande mmoja na choo upande wa pili, na ile khanga katikati. Watoto walitaka kumvuta. Nikawakataza, nikaanza kukaa sakafuni jioni nikichambua mchele au nikisoma ujumbe kwenye simu, bila kumtazama. Bibo alipanda mapajani kwangu kama aliyezaliwa humo. Mkeka alianza kwa kutoa pua. Siku nyingine mguu. Nilikuwa naweka vipande vya kibua, kila jioni karibu kidogo na goti langu, na usiku mmoja umeme ukiwa umekatika nilihisi kitu kikinilamba kidole gizani. Sikumgusa. Kesho yake akaja mchana.

Kwa choo nilijaribu maranda ya seremala, yakawa yananasa kwenye manyoya na kusambaa nyumba nzima. Nikahamia mchanga wa mto uliochekechwa, ndani ya beseni fupi. Wataalamu wanasema beseni liwe moja zaidi ya idadi ya paka. Mimi nina mawili na wameridhika, mradi yasafishwe kila siku. Hili la kila siku si usafi tu. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kinachomdhuru mtoto aliye tumboni, na kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza. Mdogo wangu alipokuja kujifungulia kwetu, kazi ya beseni hakuigusa kabisa.

Chakula ndicho watu huniuliza sana. Maziwa ya ng'ombe hapana, wengi huwaharisha. Ugali na mchuzi uliobaki nao hapana, kwanza kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwao, pili paka ni mla nyama kwelikweli. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, akikikosa macho na moyo huharibika. Sisi tunachemsha vibua bila chumvi na kutoa miiba, siku nyingine mioyo ya kuku. Samaki wabichi tuliacha, kwa kuwa baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Dagaa wakavu nawaloweka kwanza watoke chumvi. Chakula cha paka cha dukani naagiza kwa basi kutoka Dar, nachanganya kidogo kidogo, kwa sababu bei yake haina huruma.

Viroboto walikuja nao, hilo lilitarajiwa. Muuza duka la pembejeo alitaka kuniuzia dawa ya mbwa. Nilimpigia mwalimu nikamsomea maandishi ya kwenye chupa, na aliposikia permetrini alisema, "Rudisha, mwanangu, hiyo inaua paka." Akanielekeza kununua chanuo lenye meno ya karibu karibu na kutumia maji ya sabuni. Ilichukua uvumilivu, ikafaa. Panadoli vilevile: kidonge kimoja cha nyumbani chaweza kumuua paka, kwa hiyo droo ya dawa sasa inafungwa.

Sumu ya panya ndiyo iliyoninyima usingizi. Bibi wa nyumba ya jirani huiweka kila msimu wa korosho, na panya aliyeila akiliwa na paka, paka naye anaweza kwenda. Kumwendea mtu mzima na kumwambia aache jambo analofanya kwake kunataka adabu. Nilimpelekea mihogo, tukazungumza habari za mvua na bei ya korosho mnadani, ndipo nikamweleza na kumwomba nimnunulie mitego miwili badala ya sumu. Alicheka. "Paka si najisi," alisema, "Mtume katuambia ni katika wanaotuzungukia majumbani. Lete hiyo mitego." Panya kwetu wamepungua sana, na anayewakamata ni Mkeka. Bibo huja kutazama akimaliza kula.

Kuwafunga uzazi hatukuchelewesha. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba kama siku sitini na tatu au nne, na ndugu wa tumbo moja hawajui undugu. Daktari alituambia tusiwanyime chakula usiku kucha kabla ya upasuaji, saa chache zinatosha, maana paka mdogo sukari ya mwili hushuka haraka. Bibo jioni ile ile alikuwa anaruka. Mkeka, ambaye wake ni wa tumboni, tulimvalisha mguu wa soksi ya baba watoto tuliotoboa matundu manne ili asilambe nyuzi, na baba watoto mwenyewe ndiye aliyemfunga.

Mwalimu amekuja kuwaona, akapekua stoo na madirisha, akaandika kwenye daftari lake na kunywa chai. Wiki iliyopita alinipigia. Ana safari ya Masasi na ameletewa watatu wengine, wadogo, je, kile chumba bado ninacho? Nimemjibu ninacho, ila Bibo na Mkeka watabaki upande wa pili wa mlango mpaka wageni wamalize wiki mbili za kuangaliwa.