Jinsi Ninavyomchagua Mtu wa Kufanya Naye Kazi

Kila nafasi inapokuwa wazi katika kitengo changu, huanza kwa kuandika kwenye karatasi moja mambo matatu ambayo mwajiriwa mpya atapaswa kuwa ameyakamilisha ifikapo mwisho wa kipindi cha majaribio, na sitoi tangazo la kazi mpaka mambo hayo yaeleweke hata kwa mtu asiyeijua kazi yenyewe. Mara mbili karatasi hiyo imenionyesha kwamba sikuhitaji mtu mpya, bali nilihitaji kugawa upya majukumu ya waliopo.

Utaratibu huu sikuanza nao. Nilipopewa madaraka ya kuajiri kwa mara ya kwanza, nilimchukua mhasibu kwa sababu alijieleza vizuri mno na, nakiri, kwa sababu alicheka pale nilipocheka. Baada ya miezi miwili tuligundua kwamba hakuweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha hadi kila tofauti ipate maelezo, kazi ambayo ningempima kwayo kwa nusu saa tu. Kosa lilikuwa langu, kwani ufasaha wake niliuhesabu kuwa ndio umahiri. Aliyeumia zaidi ni yeye, maana alikuwa ameacha kazi nyingine ili aje kwetu.

Tangu wakati huo, kila anayeitwa kwenye usaili hupewa kipande cha kazi halisi, kifupi, ambacho sisi wenyewe tumekwisha kukifanya na majibu yake tunayajua, ili asije akadhani kwamba tunamtumikisha bure. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 85, ambamo jaribio la namna hii lilikuwa miongoni mwa vipimo vilivyobashiri vyema utendaji wa baadaye, ilhali idadi ya miaka ya uzoefu ilibashiri kidogo sana. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo na kushusha makadirio ya vipimo vingi. Kilichobaki juu ni usaili ulioandaliwa, yaani ule ambao waombaji wote huulizwa maswali yaleyale na majibu yao kupewa alama kwa vigezo vilevile. Kwa hiyo ninatumia vyote viwili, na wasifu wenye kurasa nyingi haunitishi tena.

Wajumbe wa jopo huandika alama zao kimyakimya kabla ya mtu yeyote kutoa maoni, nami huzungumza mwisho. Niliwahi kutangulia kusema, na wenzangu watatu wakakumbuka ghafla kwamba hata wao walikuwa wamemwona mwombaji yule vilevile.

Kwa wadhamini huuliza swali moja tu: je, mngemwajiri tena? Namna wanavyosita kabla ya kujibu hunifaa kuliko barua zao.

Kinachonisumbua hadi leo ni wale ambao mikono huwatetemeka wanapopimwa. Siku hizi huwaacha wafanye zoezi peke yao chumbani, bila mtu wa kuwatazama, na baadhi yao hutulia. Wengine hawatulii, na sina hakika kwamba sijawahi kumkosa mfanyakazi bora kwa sababu hiyo.