Siku moja na wachomekaji wa nyuzi, Apache Point

Saa 2 asubuhi. Waangalizi wa usiku wamekwenda kulala, zamu yetu inaanza. Hapa ni Apache Point, New Mexico, mita 2,788 juu ya usawa wa bahari, ilipo darubini ya mita 2.5. Mradi ni BOSS (2009 hadi 2014), uchunguzi wa anga: kupima ulimwengu ulivyotanuka. Wengi hudhani kazi hii yote ni ya kompyuta. Kabla ya kompyuta kuna vidole.

Saa 2:30. Nyuzi za jana, zile nyembamba za kioo zinazobeba mwanga wa galaksi hadi kwenye vipimo, zinachomolewa, na bamba jipya linafungwa kwenye kasha, fremu inayoshika bamba na nyuzi zake kwenye darubini. Bamba ni la alumini, unene kama milimita 3, limetobolewa Seattle. Kila tundu liko pale hasa taswira ya galaksi, kwasa (kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa sana) au nyota moja itakapoangukia. Matundu mawili hayawezi kukaribiana chini ya milimita 3.7, kwa hiyo galaksi mbili zilizobanana angani hazipimwi kwa bamba moja.

Saa 3. Kuchomeka. Nyuzi za mwanga ni 1,000, kila kiini kina upana wa mikroni 120 (milimita 0.12), zimefungwa ishirini ishirini. Mipaka ya kila fungu imechorwa kwa wino juu ya bamba ili uzi usivutwe ukakatika. Ndani ya mpaka, uzi wowote huingia tundu lolote. Nyuzi nyingine 16 za kuongozea darubini ndizo zenye tundu maalumu. Ncha haishikwi: mafuta ya ngozi hupunguza mwanga. Sukuma mpaka igote. Ikibaki imeinuka kidogo tu, taswira inatoka kwenye fokasi. Shingo inauma, macho yanawasha, na bado mafungu kumi.

Mchana, ramani. Leza inapita kwenye ncha za pili za nyuzi, uzi mmoja mmoja, huku kamera ikitazama tundu lipi limewaka. Bila hatua hii hakuna ajuaye uzi upi umebeba galaksi ipi. Hapa ndipo siku inapoliwa. Mashine inasema nyuzi tatu hazionekani. Geuza kasha, tafuta kwa tochi. Mmoja haujagota: sukuma. Mwingine una vumbi: safisha. Pima tena. Wa tatu bado. Chomoa, kagua ncha kwa lenzi, rudisha, pima tena, giza. Umekatika ndani, na kasha lijalo linasubiri.

Baadaye sana, jua likishazama, makasha yako kwa waangalizi. Wanawasha taa za neoni, zebaki na kadimi kusawazisha vipimo vya rangi, kisha picha za dakika 15 kila moja mpaka mwanga utoshe. Nyuzi 80 huelekezwa kwenye anga tupu, ili mng'ao wa anga utolewe kwenye hesabu. Mstari wa kalisi, alama ya rangi ambayo elementi hiyo huacha kwenye mwanga, ni wa nanomita 393.4; ukionekana kwenye 590.1, ulimwengu umetanuka mara 1.5 tangu mwanga ule uanze safari. Ukikusanya galaksi kwa mamia ya maelfu, umbali wa takriban miaka-nuru milioni 490 unajitokeza kati yao mara nyingi zaidi kuliko kama zingetawanyika ovyo: alama ya mawimbi ya sauti yaliyopita kwenye ulimwengu mchanga, wenye moto, kabla haujafika miaka 400,000. Mwaka 2014 BOSS iliupima umbali huo kwa usahihi wa asilimia 1.

Uzi uliokatika umeandikwa daftarini. Galaksi yake itapimwa ikiwa tu imeangukia mahali ambapo bamba jingine linapishana na hili.