Tumebadilisha madabodi ya seva Ijumaa usiku, kazi yenyewe ikaanza Jumatatu

Jumatatu sa mbili na dakika tano asubuhi simu inaita, dada wa uhasibu. Salamu hakuna. "Kaka, hii seva mliyotuwashia ni yetu kweli?" Mi ndo kwanza nashika kikombe cha chai, nimelala wikiendi nzima najiona fundi wa dunia maana Ijumaa tulibadilisha madabodi (ile bodi kuu inayobeba kila kitu ndani ya seva), ikawaka, Windows ikafunguka, diski zote taa kijani, mpaka selfi tukapiga na dogo ninayefanya naye kazi. Ngoja nianze mwanzo.

Kampuni ni ya mizigo, iko Kurasini hapa Dar, jina tuliache. Seva yao ni ya kwenye raki (kabati la seva), unene wa unit mbili, prosesa mbili za Xeon, hapo ndo inakaa programu ya mahesabu na mafaili yote ya klearensi ya mizigo. Wiki kadhaa nyuma umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, we unaujua ule mchezo mvua za masika zikianza, na betri za UPS (ile ya kushikilia umeme ukikatika) zilishakufa kitambo ila hakuna aliyetaka kusaini karatasi ya kununua nyingine. Seva ikazimika mazima. Pawasaplai zote mbili taa kijani, lakini ukibonyeza swichi ya mbele kimya, hata feni hazikohoi.

Hapa ndo fundi anasema "madabodi imekufa" anaandika invoisi anaondoka. Usifanye hivyo aisee. Niliwahi kuitwa kwenye seva iliyohukumiwa hivyohivyo, kumbe kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) kimeungua, tukakitoa ikawaka, na watu walishaagiza bodi tayari. Kwa hiyo hii nilikaa nayo kama masaa matatu. Nikajaribu pawasaplai moja moja, nikatoa kadi zote, nikaacha prosesa moja na RAM moja tu, nikatoa ile betri ya duara CR2032 nikasubiri nikairudisha. Hamna kitu. Kilichonimaliza ni ile laini ya usimamizi, tundu la kuisimamia seva kwa mbali, ile ambayo kwenye Dell wanaiita iDRAC na kwenye HPE ni iLO. Yenyewe inatakiwa iwe hai hata seva ikiwa imezimwa, ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Nikachomeka laptop, taa ya mtandao haikuwaka kabisa. Sa hapo ndo nikamwambia bosi wao, mzee, ni bodi.

Bodi tuliipata iliyotumika, ikaja na mzigo wa Dubai. Kitu kimoja hapa, usiagize kwa jina la seva, agiza kwa namba ya pati iliyo kwenye stika ya bodi yenyewe. Seva ya jina moja inaweza kuwa na bodi za matoleo tofauti, unaletewa inafanana kila kitu, tundu zote zipo sawa, afu prosesa zako haizitambui. Mi nilimtumia muuzaji picha ya stika, yeye akanitumia picha ya yake, tukalinganisha herufi kwa herufi ndo hela ikatoka.

Ijumaa sa mbili usiku tukaingia. Mlinzi pale ni mzee wa makamo, "Shikamoo mzee", "Marahaba wanangu, leo mnalala huku?" Tukacheka. Kweli tulitoka sa nane.

Cha kwanza kabla ya bisibisi ni waya za umeme, zote mbili, chomoa kabisa. Kuzima kwa swichi hakutoshi kwa sababu seva ikiwa imezimwa bado bodi ina umeme mdogo unatembea, ndo ule unaolisha ile laini ya usimamizi. Ukishachomoa, bonyeza swichi ya mbele uishikilie sekunde kadhaa umwage umeme uliobaki kwenye kapasita. Dogo alikuwa na haraka akataka kufungua kava huku waya mmoja bado umechomekwa, nikampiga jicho tu.

Halafu kuna hii stori ya stetiki, ule umeme unaojikusanya mwilini. Mafundi wengi hapa Dar wanasema sisi tuna unyevu, stetiki ni mambo ya nchi za baridi. Nje ya mlango sawa, ila chumba cha seva kina AC inapiga usiku na mchana, hewa yake imekauka tofauti kabisa na hii ya barabarani. Na ujue binadamu anaanza kuisikia ile shoti ya stetiki ikifika kama volti 3,000, wakati kuna chip zinakufa hata chini ya volti 100, kwa hiyo unaweza kuua kitu na wewe hujasikia chochote. Mbaya zaidi haifi palepale, inajeruhiwa, inakuja kukusumbua miezi miwili mbele. Mi navaa ile bangili ya mkononi, kibanio chake nakibana kwenye chuma cha kasha la seva pasipo na rangi. Bei yake ni kama chakula cha mchana, sioni sababu ya kubishana.

Vifaa vyangu vingine vitawachekesha. Trei ya mayai. Ile ya karatasi, ya mayai thelathini. Kila kishimo nakiandika namba, skrubu za raiza (kile kibao kinachoshika kadi) kishimo cha 1, za kishikio cha feni cha 2, za bodi yenyewe cha 3 na kuendelea. Ukimaliza trei inatakiwa iwe tupu, kama si tupu huwashi seva mpaka ujue ile skrubu ilitakiwa iwe wapi, maana skrubu moja ikibaki imelala chini ya bodi ni shoti hiyo. Diski nazo kila moja nikaibandika tepu ya karatasi na namba ya sloti yake kabla ya kuivuta nje kidogo, na waya za kwenda kwenye diski nikaandika A na B. Picha tukapiga kama arobaini hivi. Kabla hujachomoa waya, piga picha. Ukishachomoa, piga tena.

Kutoa bodi yenyewe, wala si kazi. Kava, ile plastiki ya kuongoza upepo, feni, raiza na kadi zake, RAM (nazo kila moja na sloti yake, usizichanganye), waya, halafu prosesa. Kwenye hii seva prosesa na hitisinki (chuma cha kuipoza) vinatoka pamoja kama kitu kimoja, unafungua nati nne kwa bisibisi ya T30, ile nyota ya ncha sita, sio hii star ya kawaida ya msalaba tunayofungulia redio. Juu ya hitisinki wameandika namba, kufungua unaanza 4 unarudi mpaka 1, kufunga unaanza 1 mpaka 4. Watu wanapuuza namba hizo. Soketi yake ina pini 3,647, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho huku mwingine bado uko juu, prosesa inakaa kiupandeupande, afu unaanza kushangaa kwa nini nusu ya RAM haionekani. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba kama unahamisha tu, hugusi pesti (ile dawa ya kupitisha joto). Seva za zamani kidogo hitisinki inatoka peke yake, hapo lazima ufute pesti yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya.

Bodi unaibeba kwa kile kishikio chake au kwenye kingo. Usiinyanyue kwa kushika sloti za RAM, hata kama zinaonekana kama zimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Sasa pini. Nisimulie aibu yangu kidogo. Miaka ya nyuma nikiwa mgeni kwenye hizi kazi, niliiacha prosesa iteleze vidoleni ikaangukia soketi iliyo wazi, kona tu. Pini kama tano zikalala. Nilikaa na sindano ya kushonea na tochi ya simu kuanzia magharibi mpaka karibu alfajiri nikizinyanyua moja moja, zinafanana na nywele za mtoto mchanga, ukipumua tu unahisi umezigusa. Ikawaka, ila chaneli moja ya RAM haikurudi tena. Tangu siku hiyo kile kifuniko cha plastiki cha soketi nakitoa sekunde ya mwisho, prosesa ikiwa tayari mkononi, na nikikitoa kwenye bodi mpya nakifunika kwenye ya zamani palepale. Ukirudisha bodi kwa muuzaji pini zikiwa zimepinda hakuna atakayekusikiliza.

Tukafunga, trei tupu, waya za umeme zikaingia. Dakika kama nne skrini nyeusi na feni zinapiga kelele kama ndege inapaa. Dogo ananiangalia. Nikamwambia tulia, mara ya kwanza inajipima RAM yote, usizime. Na kweli ikaja.

Ila ikaja na maisha ya mtu mwingine. Bodi iliyotumika ina kumbukumbu zake. Laini ya usimamizi ina IP (anwani ya kwenye mtandao) ya ofisi ya watu na paswedi ya watu, ikabidi tuirudishe kwenye mpangilio wa kiwandani. Serial namba (namba ya kuitambulisha seva) ni ya seva nyingine, ikabidi tuandike ya kwetu (kuna seva mpya za Dell hiyo namba inahifadhiwa pia nje ya bodi inajirudisha yenyewe, HPE unaingia kwenye menyu unaiandika mwenyewe, na uandike sawasawa). Saa ya bodi ilikuwa inasoma 2018, na Windows iliyo kwenye domeni (mtandao wa ofisi ambapo seva ndo inathibitisha watu) ikiona saa zimepishana zaidi ya dakika 5 inakataa watu kuingia, nikarekebisha kabla ya kwenda mbele. Kuwaka nako ilikuwa imewekwa mtindo wa zamani wakati Windows yao iliwekwa kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwaka, kwa hiyo ikasema haioni diski ya kuwakia. Mtu mwenye hofu hapo angeanza kuchezea RAID, ule mpangilio unaounganisha diski. Usiiguse! Kadi ya RAID yao ni ya peke yake, tuliihamisha ilivyo, mpangilio uko kwenye kadi na kwenye diski zenyewe. Na hata ikikuuliza kuhusu mpangilio wa kigeni, jibu ni kuuingiza, sio kuufuta. Kufuta ndo watu wanalilia data.

Nikabadilisha kuwa UEFI, Windows ikafunguka, tukafungua intaneti ikafunguka, tukafunga mlango tukaenda kula chipsi.

Basi rudi Jumatatu. Kumbe tundu za mtandao zilizo kwenye bodi zimekuja na namba zake mpya za MAC (namba ya utambulisho ya kila tundu), Windows ikaziona ni kadi ngeni kabisa. Ile IP yetu ya kudumu inayoishia na 10 imebaki kwa kadi ya zamani ambayo haipo tena, seva ikajichukulia IP yoyote kutoka kwenye ruta. Intaneti inafanya kazi, ndo maana Ijumaa sikushtuka, ila kompyuta zote za ofisi zinaitafuta kwenye 10 na hamna mtu. Nikaenda kuiandika, Windows inaniambia IP hii inatumiwa na adapta nyingine. Adapta gani? Mzimu. Imefichwa, mpaka uingie kwenye orodha ya vifaa uamuru ionyeshe vilivyofichika, uifute, ndo inakubali.

Nikapiga simu kwa dada, jaribu sasa. Kimya kidogo. "Imefunguka, inasema leseni si ya mashine hii."

MAC tena. Programu ya mahesabu ilikuwa imefungwa kwenye MAC ya zamani. Ilibidi nimpigie muuzaji wa programu, nimweleze, nimtumie picha ya bodi mbili zikiwa kando kwa kando, akatoa leseni mpya sa nane mchana, na mpaka hapo malori mawili yalikuwa yanasubiri karatasi zao. Ningempigia huyo jamaa Alhamisi kumwambia bodi inabadilika, Jumatatu ningeendelea na chai yangu.

Sasa hivi kwa ndani ya kava ya ile seva kuna tepu ya karatasi, nimeandika kwa maka peni MAC zote nne, IP, serial namba, mtindo wa kuwaka na tarehe. Bodi ya zamani dogo ameibeba kwao anasema atatoa vifaa. Karatasi ya betri za UPS bado iko mezani kwa bosi.