Land Cruiser kupiga stering: nilivyoitafuta shida mpaka nikaipata

Gari ni Land Cruiser pikapu HZJ75, zile za miaka ya 90 zenye injini ya 1HZ, mbele ekseli moja nzima toka tairi hadi tairi na springi za kupangwa siyo koili. Naitumia sana njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, na anayeijua ile rafu rodi anajua inavyokula gari. Ikaanza hivi: ukifika kama 70 halafu ukanyage kishimo, stering inapiga yenyewe kushoto kulia kwa nguvu mpaka mikono inauma, na haitulii mpaka upunguze mwendo kabisa. Ukienda taratibu nayo ina plei, unazungusha na tairi bado hazijajibu.

Kila fundi ana jibu lake, huyu anakwambia weka dampa mpya ya stering, yule kaza boksi la stering, lile la gia zinazopeleka mzunguko wa stering kwenye tairi. Nikagoma. Dampa kazi yake ni kumeza mtikisiko, ukiweka mpya gari inatulia kwa muda lakini kilicholegea kiko palepale kinazidi kulika. Na ile skrubu ya juu ya boksi ukiikaza hovyo stering inakuwa nzito, ukitoka kwenye kona hairudi yenyewe, ni hatari kweli. Hiyo nikaiacha ya mwisho.

Matairi kwanza, upepo, rimu, balansi, hapo hamna shida. Halafu gari ikiwa chini kwenye tairi zake, kabari zimewekwa, injini inawaka ili pampu ya stering ifanye kazi, nikamwambia dogo akae ndani atikise stering kidogo kidogo tu, mimi nikalala uvunguni nashika jointi moja moja kwa mkono. Tairodi endi, ile jointi ya mwisho wa fimbo inayounganisha tairi za mbele, ikiwa imekufa unaisikia inagonga kwenye vidole hata kama kwa macho huoni kitu, na ya kulia ndivyo ilivyokuwa. Ila boksi nililiangalia vizuri, shafti ikigeuka na mkono wa chini unaondoka hapohapo, kwahiyo boksi zima.

Sikuridhika, tairodi moja kutikisa gari vile haikuniingia akilini. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikashika tairi juu na chini nasukuma navuta, kushoto ikacheza. Hapa wengi wanakimbilia kununua beringi za tairi! Subiri kwanza, mwambie mtu akanyage breki halafu tikisa tena: breki inaikamata habu (kitovu kinachofungwa tairi) ishikane na nakol, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi ukikata kona, kwahiyo mchezo ukiisha ni beringi za tairi, ukibaki ni za kingpini, yaani pini za juu na chini ambazo nakol inageukia. Wangu ulibaki.

Tukafungua. Ndani ya nakol badala ya grisi kulikuwa na uji mweusi, sili ya ndani ya ekseli ilishakufa zamani, oili ya difu imepita imeosha grisi yote. Kikombe cha beringi ya chini kimebonyea alama palepale roli zinapokaa tairi zikiwa zimenyooka, maana ndo mkao wa muda mwingi na ndipo barabara inapopigia.

Nikabadilisha beringi za kingpini juu na chini pande zote mbili, sili za ndani, na tairodi endi, sivi jointi, zile zinazozungusha tairi hata zikiwa zimekata kona, zikaoshwa zikapewa grisi mpya. Zile washa nyembamba za kingpini nilisimamia mwenyewe kila moja irudi ilipotoka, ndizo zinazoweka nakol katikati, ukizichanganya sili mpya italika upande mmoja. Nati za beringi za tairi ni soketi ya 54, patasi na nyundo nilikataa kabisa kwasababu huwezi kujua umekaza kiasi gani. Mwisho alaimenti, kupima tairi zimenyooka sawa, maana ukishagusa tairodi lazima upime upya.

Sasa hivi kwenye lami naenda 90 stering imetulia, na dampa ni ileile ya zamani, boksi halijaguswa. Kinachofuata ni bushi za springi za mbele, nimeziona zimeanza kupasuka.