Nimeing'oa HICAS kwenye Skyline R33, usukani umekuwa mzito na sijutii

Wenye Nissan Skyline za zamani hapa Dar ukiwauliza habari ya HICAS wengi watakujibu "ah ile nilishachomoa fyuzi kitambo", na hapo ndipo huwa naanza kubishana nao, kwa sababu kuchomoa fyuzi sio kuiondoa bana. Reki ya nyuma (chuma kinachosukuma matairi yakunje) bado iko chini, tairodi zake (vyuma vinavyoiunganisha na matairi) zipo, bolijointi (viungo vinavyozunguka mwishoni mwa tairodi) zilizochoka zipo, kilichobadilika ni kwamba umeme hauendi tena na ile taa ya HICAS ya kuonya kwenye dashibodi umeshaizoea. Siku gari ikicheza mkia unasingizia matairi.

Kwa asiyeijua, HICAS ni mfumo wa Nissan wa kukunja matairi ya nyuma. Ulianza 1985 kwenye Skyline toleo la R31, ukaja kuboreshwa mpaka ikafika hii wanayoiita Super HICAS. Kwenye R32 inaendeshwa na oili ya stelingi, pampu ya mbele inasukuma oili kwenye mabomba mpaka nyuma, ila kwenye R33 kama yangu wakaweka mota ya umeme. Na usidhani matairi yanajikunja kama ya folklifti, ni kama digrii moja tu, gari ikiwa imesimama hata huoni. Ila digrii moja ukiwa kwenye spidi ni kubwa sana aisee. Ukikata kona haraka, nyuma inageuka kwanza kinyume na mbele kwa kufumba na kufumbua ili pua iingie, halafu inarudi kufuata upande wa mbele ili mkia utulie. Gari ikiwa mpya inafanya kazi vizuri, siwezi kuwasema vibaya Wajapani. Miaka ile karibu kila kampuni ilikuwa na ya kwake, Honda Prelude ya 1987 walipitisha shafti kabisa kutoka mbele mpaka nyuma, na Porsche wameweka matairi ya nyuma yanayokunja kwenye 911 GT3 ya 2013 na wanasifiwa.

Shida ni umri. R33 zimetengenezwa 1993 mpaka 1998, yaani hata ile ya mwisho kabisa ingekuwa mtu ingeshaoa na ina watoto. Bolijointi na tairodi za nyuma zinachakaa kama za mbele, tofauti ni kwamba za mbele fundi kila siku anazitikisa, za nyuma nani anakumbuka kama zipo? Weka na matuta yetu haya, kila mtaa una tuta, lingine halina hata rangi, unaliona likiwa limeshakupiga.

Dalili zangu zilikuwa hivi. Barabara ya Morogoro ukishapita Kibaha, unalipita lori, upepo wake unakupiga ubavuni, unarekebisha usukani kidogo, gari inaitikia mara mbili, kwanza mbele halafu nyuma nayo inaongeza ya kwake. Unajikuta unaendesha gari mbili. Mvua ikinyesha ndio balaa, maana kompyuta ya HICAS inafuata spidi na usukani umekunjwa kiasi gani, na hapo mkia umeshateleza. Wewe unakunja usukani kuiokoa gari, yenyewe inaona umekata kona, nayo inakunja nyuma. Kwa hiyo jamaa wa drifti, wale wanaotelezesha mkia makusudi, wakiipata gari yenye HICAS hata hawajadili, inatoka. Mimi sio mtu wa drifti lakini kwenye hili wako sahihi.

Kabla hujang'oa, ila, angalia kwanza usukani wako. Gari nyingi hizi zimeshafungwa usukani wa michezo na mwenyewe wa kwanza huko Japani, na nyuma ya usukani original kuna sensa inayosoma mzunguko. Kama kile kikombe cha kufungia usukani sio cha gari ya HICAS, sensa haizungushwi, taa inawaka, na watu wanaanza kununua mota ya nyuma wakati ugonjwa uko mbele. Ya kwangu usukani ulikuwa original, nikajua tatizo liko chini kweli.

Haya, chini. Gari juu ya stendi nne (sio jeki tupu tafadhali, na sio tofali), matairi ya nyuma yakatoka, ekzosi ikashushwa kidogo ipatikane nafasi ya mkono. Reki yenyewe imelala nyuma ya difu, imefungwa kwenye krosimemba (fremu ya chini inayobeba difu), kila upande inatoa tairodi inayoenda kwenye habu, pale tairi linapofungwa. Raba inayofunika jointi ya upande wa kushoto ilikuwa imechanika, ndani mchanga mwekundu umegandana na grisi mpaka imekuwa udongo wa mfinyanzi. Fundi akaishika tairodi kwa vidole viwili akaitingisha, tk tk tk, akanitazama tu. Akachomoa pini, akafungua nati, halafu badala ya kuipiga bolijointi yenyewe akapiga nyundo pembeni ya jicho la habu inapokaa, mapigo mazito machache, ikadondoka. Ukiipiga juu ya uzi unaharibu uzi, hiyo muwe mnawaangalia mafundi wenu. Baada ya hapo ni soketi za umeme, bolti za krosimemba, na kushuka na lile dude. Zito kuliko unavyofikiria.

Kuifunga nyuma isicheze kuna njia kama tatu. Ya bei rahisi ni kuiacha reki na kuivalisha pete za chuma kwenye ufito wake kulia na kushoto isisogee, fundi wa kukereza pale Gerezani anakutengenezea akishapima. Inafanya kazi, ila uzito umebaki na jointi za ndani zilizochoka zimebaki, kwangu mimi ni nusu kazi. Ya ghali ni kutafuta krosimemba na habu za gari isiyo na HICAS kabisa, ukipata nzima ndio safi kuliko zote, lakini kuipata ni bahati na kazi yake ni kushusha difu. Ya katikati ndio niliyofanya, unatoa reki yote unaweka baa ya chuma inayofungwa kwenye matundu yale yale, halafu unafunga tairodi na bolijointi mpya. Fundi alinishauri, "Bosi wangu mbona unaagiza, leta bomba nikuchomelee hapa hapa nusu saa." Nikamwambia fundi hapana, hicho chuma kikikatika nikiwa na spidi tairi la nyuma linaenda linakotaka, na hapo hata airbag haikusaidii. Alicheka lakini alinielewa.

Umeme sasa. Kompyuta ya HICAS iko kwenye buti, na watu wanaisahau kwamba hiyo hiyo ndiyo inayoamua usukani uwe mwepesi au mzito kulingana na spidi. Ukiichomoa, msaada wa stelingi unabadilika, usukani unakuwa mzito. Wapo wanaofunga kiboksi cha pembeni cha kuidanganya gari, mimi niliuacha hivyo hivyo, barabarani unatulia mkononi vizuri mno. Anayelalamika ni mke wangu akienda Kariakoo, maana kupaki pale kwenye upenyo wa bajaji na mkokoteni kunataka misuli, na yuko sahihi, sina la kumjibu.

Halafu usiondoke gereji moja kwa moja kwenda kupiga misele. Umebadilisha tairodi za nyuma, alaimenti (mpangilio wa matairi yanavyotazama) imeshakufa. Nilipoenda kupima, kijana akaniambia "nyuma haipimwi bro, tunapima mbele tu". Gari hizi nyuma inapimwa na inarekebishwa! Nikahama hapo mpaka nikapata wenye mashine inayosoma matairi yote manne. Unachotaka ni matairi ya nyuma yawe yanaangaliana kidogo sana kwa mbele, yaani yameingia ndani kwa kiduchu, sawasawa kulia na kushoto. Yakitazama nje, siku ya mvua ukiachia mafuta kwenye kona mkia utakupita na utausalimia.

Matokeo? Lori linapitwa, upepo unapiga, gari inasogea mara moja inatulia. Kwenye kona pua haiingii kwa haraka ile ya zamani, hilo nalikubali, kuna wakati unaikumbuka. Ila najua mkia uko wapi. Mwenye R33 ambayo jointi zake za nyuma bado nzima na taa haiwaki, wala simshauri aiguse.

Sasa hivi ninahangaika na bushi (raba za kufungia) za krosimemba, tulipokuwa chini tuliziona zimepasuka, na kuna mtu wa Arusha anataka ile mota kwa ajili ya gari yake. Nimemwambia mota nzima, tairodi asiniulize.